Mkutubi wa kidijitali: namna ya kuanza kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu

Barua ya ajira inasema "Mkutubi, Huduma za Kidijitali", au maneno ya namna hiyo. Umesomea ukutubi Bagamoyo, Makerere, Eldoret au Dar es Salaam, Koha, programu ya katalogi na azima, unaijua kwa vitendo, DSpace, programu ya hazina ya kidijitali inayotunza tasnifu na makala, uliiona darasani, na Jumatatu unaripoti. Mwongozo huu ni wa miezi sita ya mwanzo. Nimeuandika nikivifikiria zaidi vyuo vya umma vya Tanzania. Mwenzangu wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi tu, mengine atayakuta kama yalivyo.

Kuna jambo moja ulijue mapema, maana ndilo litakalokueleza mengi yatakayokukuta. Mwenzako anayeorodhesha vitabu ana kitabu mkononi na meza yake mbele, akianza anamaliza. Wewe karibu kila unachokihitaji kiko kwa mtu mwingine. Seva iko TEHAMA, tasnifu ziko ofisi ya masomo ya uzamili, makala ziko kwenye kompyuta za wahadhiri, hela ya kulipia majarida iko kwa mhasibu, na nywila kuu ya mfumo anayo mtu aliyeshahamia Dodoma. Ujuzi wako wa kompyuta utafaa, lakini miezi hii ya mwanzo kazi kubwa ni kuwafanya hao wote wakufungulie mlango. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kulifuata hilo.

Hatua ya kwanza: Kaa kaunta

Kabla hujazoea kiti chako kipya, mwombe mkuu wako akupangie zamu za kaunta ya azima na rejesho, wiki mbili hivi. Watakushangaa kidogo, lakini watakubali. Hakuna maktaba yenye watu wa kutosha kaunta.

Pale utasikia kwa masikio yako wanafunzi wanauliza nini. Anayesema "naomba tasnifu ya mwaka jana ya idara fulani, mtandaoni sijaiona" amekupa taarifa ambayo ripoti ya mfumo haitakupa. Utaona wangapi wanatafuta kwa simu na wangapi kwa kompyuta za maktaba, na wangapi hawajui kabisa kwamba chuo kina hazina ya kidijitali.

Faida ya pili ni watu. Kila maktaba ina mama au mzee mmoja aliyekaa kaunta tangu enzi za katalogi ya kadi. Mwamkie vizuri, kaa naye, mwulize. Anajua chumba gani kina tasnifu ambazo hazijawahi kuingizwa popote, anajua mwaka ambao lebo za msimbopau zilibadilishwa na kwa nini nusu ya vitabu havisomeki, anajua mhadhiri gani hurudisha na yupi harudishi. Anajua pia kwamba kila anapoletwa kijana wa kompyuta, kuna kitu cha wazee kinaondolewa. Wasiwasi huo upo hata kama hausemwi, kwa hiyo kwenye kikao chako cha kwanza usitangaze mageuzi. Sema umekuja kujifunza, na ujifunze kweli.

Mtego mmoja wa kaunta: printa. Ukiirekebisha mara ya kwanza, wewe ndiye fundi wa printa mpaka ustaafu. Msaidie mtu mara ya kwanza huku ukimwonyesha, mara ya pili mpe namba ya TEHAMA kwa upole. Na wiki hiyohiyo omba maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Wakikwambia hayapo, yaandike mwenyewe ukurasa mmoja na umpelekee mkuu ayapitie. Cheo cha mkutubi wa kidijitali ni kipya kwenye vyuo vingi, na usipokielezea wewe kitaelezewa na yeyote mwenye kompyuta iliyogoma.

Hatua ya pili: Fungua daftari la mifumo

Tengeneza jedwali, kila mfumo na mstari wake: unaitwa nani, toleo lipi, uko kwenye seva ipi, nani analipia, malipo yanaisha lini, nani ana nywila, ukikwama unampigia nani. Ingiza Koha, hazina ya tasnifu, mfumo wa kufikia majarida ukiwa nje ya chuo, programu ya kukagua wizi wa maandishi, tovuti ya maktaba, hata akaunti za mitandao ya kijamii. Mistari mingine itabaki na mapengo kwa wiki kadhaa. Mapengo hayo ndiyo orodha ya watu wa kwenda kuwaona.

Nakushauri uchunguze mambo matatu haraka zaidi ya mengine.

Kwanza, angalia anwani za kudumu za tasnifu. Fungua rekodi yoyote kwenye hazina yenu ya DSpace na usome kiungo chake. Ukiona tarakimu 123456789 katikati, maana yake kiambishi cha Handle, ule mfumo wa anwani za kudumu, hakikuwahi kusajiliwa. Hiyo ndiyo namba ya mfano inayokuja na programu yenyewe. Hazina nyingi tu za Afrika Mashariki ziko hivyo. Kiungo kinafanya kazi leo kwa sababu kinapita kwenye anwani ya seva yenu, ila siku chuo kikibadilisha jina la tovuti, kila mtu aliyenukuu tasnifu hizo ataangukia ukurasa mtupu. Ada ya kusajili kiambishi ni ndogo, haifiki hata robo ya bajeti ya chai ya semina moja. Shida ni kwamba hulipwa kila mwaka, kwa dola, kwa kadi, na kwa utaratibu wa fedha za umma hapo ndipo pagumu. Mtafute mhasibu mapema.

Pili, toleo. DSpace 7 ilitoka Agosti 2021 ikiwa na sura mpya kabisa, na msaada wa DSpace 6 ulikoma mwaka 2023. Kama hazina yenu bado ina ile sura ya zamani, haipati tena marekebisho ya usalama. Kwenye mifumo mingi ya zamani, ukifungua msimbo wa ukurasa kwenye kivinjari utaona neno "Generator" na namba ya toleo pembeni yake. Iandike. Usikimbilie kuiboresha, hilo lina hatua yake. Koha nayo hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, kwa hiyo ukikuta la miaka sita nyuma usishangae, liandike tu.

Tatu, nani anaingia kama nani. Mara nyingi kuna akaunti moja ya "admin" inayotumiwa na watu watano, wawili wao wakiwa wamehama. Omba akaunti yenye jina lako. Nywila ya pamoja usiibadilishe wiki ya kwanza hata kama inakukera, kwa sababu hujui ni kitu gani kingine kimefungwa humo, na utakayemzuia kuingia Ijumaa jioni anaweza kuwa ndiye pekee ajuaye mfumo unawashwaje.

Majarida ya kulipia yana historia yake. Vyuo hujiunga kupitia miungano ya maktaba, Tanzania COTUL, Kenya KLISC, Uganda CUUL, halafu kuna mpango wa Research4Life inayotoa machapisho ya afya, kilimo, mazingira na sheria bure au kwa bei nafuu kulingana na kundi la nchi. Jua chuo chenu kimo wapi na nani ndiye mwakilishi. Kama nywila ya taasisi imebandikwa ukutani au inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, jua kwamba mtoa huduma akigundua anaweza kuwafungia wote.

Hatua ya tatu: Ifuate tasnifu moja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote.

Chagua tasnifu moja ya uzamili iliyotetewa mwezi uliopita. Uliza leo iko wapi, kisha ifuate kwa miguu. Mwanafunzi amefanya masahihisho ya watahini, msimamizi ametia saini, nakala zimejalidiwa, ofisi ya masomo ya uzamili imezipokea pamoja na CD au kiambatisho cha barua pepe, boksi limekaa chini ya meza ya mtu, siku moja mhudumu akalileta maktaba, kitengo cha mapokezi kikagonga muhuri, ndipo likafika kwenu. Katika kila kituo andika nani anapokea, anasaini nini, na mzigo unakaa muda gani. Utakuja kugundua kuwa tasnifu inakaa chini ya meza kwa miezi, na kwenye skana kwa dakika.

CD utazikuta zimekwaruzika, na kompyuta mpya hazina pa kuziingizia. Utakuta faili saba kwa tasnifu moja: "Sura ya 1", "Sura ya 2 mpya", "Final", "Final ya mwisho", "Final ya mwisho imesahihishwa". Kibaya zaidi, utakuta faili ambayo ni ya kabla ya masahihisho ya watahini, wakati nakala iliyojalidiwa ni ya baada yake. Ukaguzi wake hauhitaji mtambo. Weka nakala ya karatasi pembeni ya skrini, linganisha ukurasa wa jina, idadi ya kurasa, yaliyomo, na kurasa mbili za katikati ulizozichagua bila mpango. Zikitofautiana, mpigie mwanafunzi wakati bado anasubiri cheti. Akishakichukua na kwenda kwao, simu hiyo haitapokelewa.

Ndiyo maana badiliko lenye faida kubwa unaloweza kulipigania mwaka wa kwanza ni mstari mmoja kwenye ile fomu ya kumaliza chuo inayopita maktaba kuangalia deni la vitabu. Uongezwe mstari usemao kwamba nakala laini imepokelewa na kukaguliwa na maktaba. Hauhitaji bajeti wala programu. Unahitaji ofisi ya masomo ya uzamili ikubali, na itakubali kwa mtu ambaye imeshamwona akija kuchukua maboksi mwenyewe badala ya kusubiri mhudumu.

Sasa rekodi yenyewe. DSpace inatumia vipengele vya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kuelezea machapisho, na msingi wake ni vipengele 15 tu, hivyo watu hudhani ni kazi ya kujaza fomu. Angalia majina kwanza. Chukua jina la mfano, Asha Juma Ali. Kwetu hilo ni jina lake, la baba na la babu. Hakuna jina la ukoo ndani yake kwa maana ambayo fomu inaitaka. Mtu mmoja ataandika "Ali, Asha Juma", mwingine "Juma, Asha", wa tatu "Asha, J. A.", na Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, itaona waandishi watatu. Mkubaliane kanuni moja na kuiandika. Inayofanya kazi ni kufuata jinsi mwandishi mwenyewe anavyoandika jina lake kwenye makala zake, na kama hana makala, mwulize atakavyo liwe. Kitambulisho cha ORCID, namba ya kudumu ya mwandishi, kipo tangu 2012 na ni bure. Msaidie mwanafunzi afungue chake siku hiyohiyo anapoleta faili.

Kisha lugha. Vyuo vyetu vina tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu utangulizi mpaka marejeleo, TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimejaa, lakini ukizikuta kwenye hazina zimewekewa alama ya "en" kwa sababu aliyejaza hakugusa kisanduku hicho. Weka "sw". Ikisiri zote mbili ziingie, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na maneno muhimu vilevile. Mtu anayetafuta "ngano za Wazaramo" asilazimike kukisia neno la Kiingereza ili aipate kazi iliyoandikwa kwa lugha yake. Mkiskani tasnifu za zamani, programu ya Tesseract inayogeuza picha kuwa maandishi ina data ya Kiswahili. Iwekeni, maana ukiiacha na Kiingereza peke yake inabahatisha maneno na utafutaji hautapata kitu. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa chapa ya kawaida. Zile nakala za karatasi ya kaboni zilizofifia nenda 400. Picha kuu tunza kwa TIFF, msomaji mpe PDF/A, aina ya PDF iliyokusudiwa kutunzwa muda mrefu.

Kuna jambo wengi hawalifanyi na siku moja litaleta kesi: viambatisho. Nyuma ya tasnifu mara nyingi kuna orodha ya waliohojiwa, na majina yao kamili, vijiji, namba za simu, wakati mwingine na ugonjwa wanaougua. Kwenye rafu ya ghorofa ya tatu zilisomwa na watu kumi kwa miaka kumi. Mtandaoni zinasomwa na yeyote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Kabla hujabofya kitufe cha kuchapisha, fungua kurasa za mwisho. Ukikuta taarifa kama hizo, tunza faili kamili bila kuigusa lakini ifungie, weka hadharani nakala isiyo na kurasa hizo, na uandike kwenye rekodi kwamba kiambatisho fulani kimezuiwa na kwa sababu gani. Saini za wasimamizi nazo zizungumzeni. Baadhi ya maktaba zinaweka hadharani ukurasa usio na saini na kubaki na wenye saini ndani.

Mwanafunzi akiomba kazi yake ifichwe kwa muda, kwa kuwa ana mpango wa hataza au kitabu, mkubalie na uweke tarehe ya mwisho. "Mpaka hapo baadaye" haitafunguliwa na mtu yeyote.

Hatua ya nne: Uishi vizuri na TEHAMA

Siku intaneti inapokatika chuo kizima wanaotukanwa ni wao, na kilio chako cha hazina kiko chini kabisa ya foleni. Usiende na lawama. Nenda na ombi lililopimwa: diski ya seva ya hazina imejaa kiasi hiki, kwa kasi hii itajaa kabla ya msimu wa mahafali, tunaomba kuongezewa kiasi hiki. Tuma kwa barua pepe hata kama mmeshaongea, nakala kwa mkuu wako, halafu pita ofisini kwao usalimie.

Usiombe mamlaka yote ya seva. Watakunyima na watakuwa na haki. Omba akaunti ya kuangalia kumbukumbu za mfumo na seva ndogo ya majaribio. Jifunze Linux ya kutosha kujua diski ina nafasi gani, huduma ipi imesimama, na mistari ya mwisho ya kumbukumbu inalalamika nini. Ukienda kwa fundi na mstari wa kosa mkononi badala ya "haifunguki", atakuchukulia kama mwenzake.

Siku hizi kuna kero mpya. Roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya akili mnemba zimeelemea hazina nyingi duniani, na dalili yake ni mfumo kuwa mzito usiku wa manane wakati wanafunzi wamelala. Fundi atataka kuzuia roboti zote. Mwombe aziache za Google, la sivyo tasnifu zenu zitatoweka kwenye Google Scholar polepole na hakuna atakayejua kwa nini.

Kuhusu kuhama kutoka DSpace 6 kwenda toleo jipya: sehemu ya mbele imeandikwa upya kabisa, kwa hiyo mapambo ya zamani ya tovuti hayahamishiki, na seva itahitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Fanyeni kwanza kwenye seva ya majaribio na data halisi. Hakikisheni takwimu za upakuaji zinahama pia, maana ndizo mkurugenzi anazozisoma kwenye ripoti ya mwaka. Na usimwahidi mtu tarehe kwenye kikao cha Baraza.

Hatua ya tano: Jaribu kurudisha, usiridhike na kunakili

Uliza maswali matatu: nakala rudufu iko wapi, ya mwisho ni ya lini, na nani amewahi kurudisha kitu kutoka humo. La tatu ndilo litaleta ukimya.

DSpace inatunza vitu pande mbili. Maelezo yako kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na faili zenyewe ziko kwenye folda iitwayo assetstore. Fungua folda hiyo uone: kila tasnifu ni faili lenye jina la tarakimu ndefu, halina jina la mtu wala hata kiishio cha pdf. Anayenakili folda peke yake ana maelfu ya faili asizojua ni za nani. Anayenakili hifadhidata peke yake ana katalogi nzuri ya vitu visivyokuwepo. Mnatakiwa kuwa na vyote viwili, vya usiku mmoja, na nakala moja ikae nje ya jengo. Kisha, na TEHAMA wakiwepo, rudisha tasnifu moja kwenye seva ya majaribio na uifungue.

Ukiona wakubwa hawashtuki, wasimulie ya Chuo Kikuu cha Cape Town: tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wa vitabu vya taaluma za Afrika. Au ya Maktaba ya Uingereza, iliyovamiwa na wahalifu wa mtandaoni Oktoba 2023. Katalogi yake ilirudi Januari 2024, na huduma ya tasnifu za nchi nzima ikaendelea kuwa gizani muda mrefu baada ya hapo. Hao wana fedha na wataalamu kutushinda.

Umeme utakatika, hilo halihitaji maelezo. Jua tu UPS, ile betri ya dharura ya seva, inadumu dakika ngapi, na nani ana ufunguo wa chumba siku ya sikukuu.

Hatua ya sita: Wahadhiri, mmoja mmoja

Waraka kwa wahadhiri wote ukiwataka waweke makala zao kwenye hazina hautajibiwa. Chagua idara moja, ikiwezekana ile uliyosoma shahada ya kwanza. Omba orodha ya machapisho waliyoyapeleka kwenye maombi ya kupandishwa vyeo, uingize wewe mwenyewe, kisha baada ya miezi michache mpelekee kila mmoja karatasi yenye idadi ya waliopakua kazi yake na nchi zao. Profesa akiona makala yake ya miaka ya 90 inasomwa Nigeria na Ujerumani, atawaita wenzake bila wewe kumwomba.

Hofu utakazozisikia ni mbili. Ya kwanza ni "wataniibia". Mjibu kwa ukweli: kazi iliyofungiwa kabatini ndiyo inayoibwa bila kugundulika, kwa kuwa programu za kukagua wizi wa maandishi haziioni. Ya pili ina uzito zaidi: hakimiliki. Wengi walisaini fomu ya mchapishaji bila kuisoma. Kabla ya kuweka makala yoyote, angalia sera ya jarida. Jisc, taasisi ya Uingereza inayohudumia vyuo kwa mambo ya kidijitali, ina huduma ya bure ya kuzitafuta. Majarida mengi ya kimataifa yanaruhusu nakala ya mwandishi iliyokubaliwa baada ya mapitio, ile isiyo na mpangilio wa kurasa wa jarida, wakati mwingine baada ya miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo unachomwomba mhadhiri ni faili la Word alilotuma mara ya mwisho. Atakwambia halipo. Mwambie atafute kwenye barua pepe yake kwa jina la mhariri. Mara nyingi lipo. Majarida ya hapa nyumbani mengine hayana sera iliyoandikwa popote. Mwandikie mhariri barua na utunze jibu.

Hatua ya saba: Rekodi zako mwenyewe

Kwenye vyuo vya umma Tanzania mkutubi mwenye shahada ya uzamili huhesabiwa katika wanataaluma, kwa ngazi zake: mkutubi msaidizi, mkutubi, mkutubi mwandamizi na kuendelea. Kupanda kunataka machapisho, na mkuu wako atakukumbusha hilo siku ambayo utakuwa umechelewa. Yale uliyoyaandika ulipokuwa unaifuata tasnifu ni nusu ya makala tayari. Kozi za mtandaoni ni nyingi, lakini watu watakaokujibu usiku mfumo umekwama ni wa vyuo jirani. Jiunge na makundi yao kupitia COTUL na Chama cha Wakutubi, na uwajibu nao wakiuliza.

Malengo yako ya PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, yaandike kwa vitu vilivyo mikononi mwako. Ukiandika "kuboresha hazina kwenda toleo jipya" na seva ni ya TEHAMA, utajipa alama ndogo kwa kosa lisilo lako. "Kukagua na kuingiza tasnifu zote zilizopokelewa maktaba ndani ya siku 14" ni lako, na linapimika.

Kuna kazi moja ya mwezi wa kwanza ambayo baadaye haiwezekani kuirudia. DSpace inakuruhusu kutoa rekodi zote kwenye faili la CSV, jedwali linalofunguka kwenye Excel. Litoe, hesabu: rekodi ngapi, ngapi hazina ikisiri, ngapi majina ya waandishi yamegongana, ngapi za Kiswahili zina alama ya Kiingereza. Andika tarehe, hifadhi faili hilo mahali pawili, na mpelekee mkuu wako muhtasari wa ukurasa mmoja bila kumlaumu aliyekutangulia, maana kuna uwezekano mkubwa kwamba bado wanaongea kwa simu.